Kisu Kilichopimwa kwa Mkono wa Polisi: Kisa cha New York, 1958 hadi 2019

Kuanzia mwaka 1958 hadi Mei 2019, jimbo la New York lilikuwa na sheria iliyofanya kumiliki kisu cha kuporomoka (kwa Kiingereza gravity knife), ambacho ubapa wake hutoka kwa uzito wake au kwa kukung'utwa mkono, kuwa jinai, hata kama mwenye kisu hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Katika miaka ya mwisho ya sheria hiyo, waliokamatwa kwa ajili yake ndani ya Jiji la New York walikuwa maelfu kwa maelfu. Kulikuwa na mafundi umeme, wapishi, wapanga bidhaa maghalani na watu wa ujenzi, wengi wao wakielekea kazini au wakirudi nyumbani. Nimeichukua kwa uchambuzi kwa sababu maneno yake hayakubadilika, lakini kile ilichokuwa inaadhibu kilibadilika kabisa, na hakuna aliyesimama mapema kusema kwamba jambo hili limekwenda mrama.

Chukua mkasa wa mpishi mmoja. Mwezi Oktoba 2013 alikuwa katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Grand Central, Manhattan, polisi alipoona klipu ya chuma imejishikiza kwenye ukingo wa mfuko wake. Klipu ile ilikuwa ya kisu cha kukunja, Spyderco Endura 4, ambacho mpishi alikitumia kazini kwa sababu kinafunguka kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshika boksi au gunia. Polisi akakichukua, akakishika mpini, akaukung'uta mkono ili aone kama ubapa utachomoka. Haukuchomoka mara ya kwanza. Alihitaji kujaribu mara nne au tano. Ulipotoka na kujifunga, mpishi akawa amekutwa na silaha iliyopigwa marufuku, kosa dogo la jinai la daraja A (misdemeanor) ambalo adhabu yake ilifika kifungo cha mwaka mmoja. Mwishowe alikubali kosa la chini zaidi ili yaishe, kama wanavyofanya wengi.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Mpishi angejuaje, asubuhi anapotoka kwake, kwamba kisu kile ni haramu? Angekipima nyumbani mara moja, kikagoma. Angekipima mara tatu, kikagoma. Sheria haikusema ajaribu mara ngapi, wala haikusema mkono upimao uwe wa nani.

Sheria yenyewe ilisema nini? Kifungu cha 265.00 cha sheria ya jinai ya New York kilikitaja kisu hicho kuwa ni kile ambacho ubapa wake hutoka kwenye mpini au ala kwa nguvu ya uzito wake, au kwa nguvu ya kuurusha nje kwa mzunguko wa mkono, na ukishatoka hujifunga kwa kitufe, springi, wenzo au kifaa kingine. Ukikisoma kifungu hicho ukiwa umeshika kisu cha mwaka 1958, hakina utata mkubwa. Bunge la jimbo lilikuwa na picha ya kisu mahususi. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa miavuli wa Ujerumani walipewa kisu ambacho ubapa wake ulijificha ndani ya mpini. Ukibonyeza wenzo na kukiinamisha kisu, ubapa unaporomoka wenyewe; ukiachia wenzo, unabaki umekazwa. Kilibuniwa hivyo ili askari aliyenaswa kwenye kamba za mwavuli wake, mkono mmoja ukiwa umebanwa, aweze kujikata atoke. Visu vya namna hiyo vilisafiri hadi Marekani mifukoni mwa wanajeshi waliorudi na kumbukumbu za vita.

Miaka ile ya hamsini Marekani ilikuwa na hofu kubwa ya magenge ya vijana. New York ilikuwa imeshapiga marufuku visu vya kufyatuka kwa springi mwaka 1954, na mwaka 1958 ikaongeza hivi vya kuporomoka ili mwanya uzibwe. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya nchi nzima ya kuzuia biashara ya visu vya springi kati ya jimbo na jimbo. Sitawalaumu wabunge wa 1958. Walikiona kisu wanachokiogopa, wakakieleza jinsi kinavyofanya kazi, wakakikataza.

Kilichokuja kuharibu mambo ni maendeleo ya visu vyenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco, ya huko Golden, Colorado, ilitoa kisu cha kukunja chenye mambo mawili ambayo leo yameenea kote: tundu la mviringo kwenye ubapa ambalo kidole gumba hulisukuma, na klipu ya kukibania mfukoni. Wazo likapendwa. Kampuni nyingine zikaja na kijiti kidogo cha gumba badala ya tundu, nazo kufuli za ndani zikawa bora na laini zaidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisu cha fundi wa kawaida Marekani kilikuwa cha kukunja, cha kufungua kwa mkono mmoja, chenye kufuli inayozuia ubapa usimfungie mtu vidole. Kwa mfanyakazi hayo ni mambo ya usalama. Kwa kifungu cha 1958, kufuli ile ilitimiza nusu ya maelezo ya kosa. Nusu nyingine ilibaki kwenye swali moja tu: je, ukikikung'uta, kinafunguka?

Inafaa kukiangalia kisu hicho kwa karibu, maana mahakamani kila kitu kiliishia hapo. Kinapokuwa kimefungwa, kuna kitu kinachouvuta ubapa ubaki ndani. Katika aina moja ni springi ya mgongoni inayousukuma kisigino cha ubapa. Katika aina nyingine ni gololi ndogo iliyopachikwa kwenye bamba la kufuli, ambayo hutumbukia kwenye kijishimo ubavuni mwa ubapa na kuushikilia. Ukishaushinda upinzani huo wa mwanzo, ubapa huzunguka kwenye skrubu yake bila shida. Kisu kipya kutoka kwenye boksi huwa kigumu. Kikitumika miezi, kikapakwa mafuta, skrubu ikalegea nusu mzunguko, upinzani hupungua. Ubapa mzito hutoka kwa urahisi kuliko mwembamba. Na mtu mwenye kifundo cha mkono chenye nguvu, aliyezoea kukung'uta visu kila wiki kazini, atafungua kisu ambacho mwenyewe mnunuzi hakuwahi kukifungua hivyo hata siku moja. Kwa hiyo kisu kilekile kiliweza kuwa halali Januari na haramu Desemba, halali mkononi mwa dada na haramu mkononi mwa askari, bila mtu kukifanyia lolote.

Tena kosa hili halikudai nia. Hili wasomaji wengi hulipita haraka, nami naomba tulitulie. Kifungu cha 265.01 cha sheria ya New York kina sehemu mbili zinazotuhusu. Moja inaadhibu mtu aliyebeba kisu cha hatari, au chombo kingine cha hatari, akiwa na nia ya kukitumia kinyume cha sheria dhidi ya mtu mwingine. Sehemu hiyo ilikuwepo na ipo hadi leo. Nyingine ilikuwa orodha ya vitu ambavyo kuwa navyo tu ni kosa, uwe na nia ama usiwe nayo: rungu fulani, ngumi za chuma, kisu cha springi, na kisu hiki. Anayedai kwamba jimbo lisingeweza kupambana na wahalifu wa visu bila orodha ile anasahau kwamba mhalifu mwenye nia alikuwa tayari ameshikwa na sehemu ya kwanza. Orodha ilikuwa na kazi yake kwa vitu ambavyo havina matumizi mengine ya maana. Ikiwekwa juu ya kifaa cha kazi kinachouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, inamkamata mtu asiye na nia, kwa sababu mwenye nia hahitaji orodha ili akamatwe.

Mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, Court of Appeals, ililifunga kabisa dirisha la utetezi. Mtu mmoja alieleza kwamba alinunua kisu chake katika duka la vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kazi zake za ukarabati, na hakujua kwamba kinaweza kufunguka kwa kukung'utwa. Mahakama ikasema upande wa mashtaka hauna haja ya kuthibitisha kwamba alijua hivyo. Inatosha kwamba alijua ana kisu. Kwa lugha nyepesi: usipojua kwamba kisu chako kinakung'utika, hiyo ni shauri yako. Na ukiwa umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai huko nyuma, hata dogo, kosa hili lilipanda daraja, likawa kosa kubwa lenye kifungo kinachoweza kufika miaka saba. Mtu aliyewahi kuteleza ujanani, akajirekebisha, akapata kazi ya kufunga vioo, angeweza kupelekwa gerezani kwa kisu cha kazi hiyo.

Sasa tuje barabarani. Polisi walikuwa wanavionaje visu hivi? Klipu. Kile kipande cha chuma kinachobaki nje ya mfuko kilikuwa ndiyo sababu ya kusimamishwa. Mwaka 2011 mahakama ileile ya juu ya jimbo iliamua mashauri mawili kwa pamoja. Ikasema askari hawezi kumsimamisha mtu kwa kuona kisu tu. Lazima awe na sababu ya kuamini kwamba ni kile kilichopigwa marufuku. Katika shauri moja askari hakuwa na sababu hiyo, ushahidi ukatupwa. Katika lile la pili askari alieleza kwamba kwa uzoefu wake visu haramu hubebwa kwa klipu mfukoni, na alikiona kichwa cha kisu na klipu yake, mahakama ikaridhika. Kwa karatasi, mpaka ulikuwa umewekwa. Kwa vitendo, maneno ya kuandika kwenye taarifa yakawa yamejulikana.

Wakati huo ulikuwa pia wakati wa kilele cha kusimamisha na kupekua watu mitaani. Mwaka 2011 pekee polisi wa New York waliandika matukio 685,724 ya kusimamisha watu, na wengi mno wa waliosimamishwa walikuwa weusi na Walatino. Agosti 2013 jaji wa shirikisho Shira Scheindlin aliamua kwamba utaratibu ule, kama ulivyokuwa ukiendeshwa, ulivunja katiba. Unaposimamisha watu kwa mamia ya maelfu, na wengi wao ni vijana wa kazi za mikono, mifukoni mwao utakuta visu vya kazi. Mwaka 2014 gazeti la Village Voice lilichambua takwimu za mahakama na kukadiria kwamba huenda mashtaka ya visu hivi katika jiji yalifika 60,000 ndani ya miaka kumi. Shirika la Legal Aid Society, linalotetea watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, lilikuwa likipokea kesi hizi kila siku, na ndilo lililopiga kelele zaidi kwamba wanaoumia ni weusi na Walatino wa jiji, wakati mkulima au mwindaji wa kaskazini mwa jimbo anatembea na kisu kilekile kiunoni bila mtu kumgusa. Mwindaji alikuwa na bahati nyingine: sheria ilimsamehe waziwazi, alimradi ana leseni ya uwindaji au uvuvi na kisu ni cha shughuli hiyo. Fundi bomba wa Bronx hakuandikiwa msamaha wowote.

Sehemu inayoniuma zaidi katika kisa hiki inahusu maduka. Juni 2010 mwendesha mashtaka mkuu wa Manhattan, Cyrus Vance, alitangaza kwamba ofisi yake imewabana wauzaji wa visu hivi. Maduka makubwa, yakiwemo Home Depot, Paragon Sports na Eastern Mountain Sports, yalikubali kuacha kuviuza na kutoa karibu dola milioni 1.9 zilizotokana na faida ya mauzo. Yakalipa, yakaendelea na biashara, na hayakushtakiwa. Kwa upande wa ofisi ile ilikuwa hatua ya busara: ziba chanzo. Lakini tazama upande wa pili wa kaunta. Mnunuzi aliyelipa kwa kadi, akapewa risiti, akatoka mlangoni na kisu kwenye mfuko wa karatasi, yeye alibaki na kesi ya jinai. Aliyeuza kwa maelfu alipewa mkataba. Aliyenunua kimoja alipewa pingu. Hakuna namna ya kulieleza jambo hilo likaeleweka kuwa haki.

Duka moja dogo la Greenwich Village nalo lilitia saini mkataba kama huo. Mmiliki wake akawa hana budi kuvikung'uta visu mwenyewe, kimoja kimoja, kabla ya kuvipanga kwenye kabati la kioo. Kilichofunguka hakiuzwi. Lakini vipi kuhusu kile kilichomgomea yeye, ambacho mkaguzi mwenye mkono mzito angekifungua? Aliishi na wasiwasi huo, akaacha kuuza visu vingi ambavyo pengine havikuwa na kosa.

Mwaka 2011 duka hilo, shirika la Knife Rights la wapenzi wa visu, na wakazi wawili waliowahi kukamatwa walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho dhidi ya Vance na jiji. Mmoja wa wakazi hao alikuwa msanii wa uchoraji, na habari yake ndiyo bora zaidi katika jalada lote. Baada ya kununua kisu chake, aliwaonyesha polisi wawili kwa nyakati tofauti, akawauliza kama ni halali. Wote wawili walijaribu kukikung'uta, hakikufunguka, wakamrudishia. Alifanya kile ambacho mwananchi mwema anaambiwa afanye: kama huna hakika, uliza. Oktoba 2010 polisi wengine wakamsimamisha, wakakikung'uta, kikafunguka, wakamkamata.

Kesi ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Kwanza ilitupwa kwa hoja kwamba walalamikaji hawana haki ya kushtaki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohusika na New York, iitwayo ya mzunguko wa pili, ikairudisha kwa wakazi wale na duka, ikaliacha shirika la Knife Rights nje. Ikasikilizwa, na Januari 2017 jaji Katherine Forrest akaamua kwamba sheria haina utata kiasi cha kuvunja katiba. Juni 2018 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye, kwa sababu ambayo inahitaji kufafanuliwa. Walalamikaji walikuwa wameishambulia sheria nzima. Ukiishambulia sheria nzima kwa hoja ya utata, na mahakama ikaona hata hali moja ambayo sheria ile ni wazi, umeshindwa. Majaji wakaona hali hiyo ipo: kisu kinachofunguka kirahisi mkononi mwa kila mtu. Lakini hawakuishia hapo. Walieleza wasiwasi wao kuhusu mtu mwenye kisu kigumu, na wakaandika kwamba bunge na serikali ya jimbo huenda wakapenda kuitazama upya sheria hii. Majaji wa rufaa hawana kawaida ya kuwashika wabunge bega namna hiyo.

Albany, makao makuu ya jimbo, kazi ilikuwa imeshaanza. Dan Quart katika baraza la chini na Diane Savino katika Seneti walikuwa wakisukuma muswada wa marekebisho. Waliouunga mkono walikuwa mchanganyiko usio wa kawaida. Mawakili wa watu maskini walikaa meza moja na watetezi wa haki ya kubeba silaha, vyama vya wafanyakazi vikakaa pamoja na Warepublican wa vijijini. Waliopinga walikuwa wachache lakini wenye sauti nzito: ofisi ya Vance na polisi wa jiji, waliosema kwamba visu ndivyo vinavyotumika katika mashambulizi mengi jijini. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mtu aliyechomwa kisu kwenye treni hana haja ya mjadala wa gololi na springi. Lakini jibu lake lilikuwa palepale katika kifungu cha nia, na katika sheria za shambulio na mauaji, ambazo hakuna aliyependekeza ziguswe.

Muswada ulipita mabaraza yote mawili kwa kura nyingi mwaka 2016, gavana Andrew Cuomo akaukataa siku ya mwisho ya mwaka. Ulipita tena mwaka 2017, akaukataa tena. Katika maelezo yake hakukana kwamba kuna tatizo. Alikubali kuwa ni upuuzi mtu anunue bidhaa katika duka la halali kisha akamatwe kwa kutoka nayo mlangoni. Hata hivyo aliona muswada unafungua mlango mpana mno, na akasikiliza polisi. Naheshimu woga wa kiongozi anayefikiria mtu wa kwanza atakayeuawa baada ya yeye kutia saini. Lakini kila mwaka aliousubirisha muswada ulikuwa mwaka mwingine wa kukung'uta visu vituoni.

Kilichovunja ukuta kilitoka kwa yule mpishi wa Grand Central. Yeye alikuwa amefungua kesi yake peke yake mwaka 2014, na hakuishambulia sheria nzima. Alisema tu kwamba kwa upande wake yeye, na kisu kile, sheria haieleweki. Machi 27, 2019 jaji Paul Crotty wa mahakama ya shirikisho ya Manhattan akamkubalia. Hoja ya jaji ilikuwa nyepesi kuielewa hata kwa asiye mwanasheria. Kama kisu kinafunguka jaribio la nne au la tano, mwenye kisu atajuaje ajaribu mara ngapi kabla ya kujiona salama? Na kama askari wa kwanza akishindwa na wa pili akaweza, je, mtu huyo alikuwa mhalifu tangu mwanzo, au amekuwa mhalifu askari wa pili alipofika? Sheria ya namna hiyo, alisema, haimwambii mtu kilichokatazwa, na inaacha mlango wazi kwa askari kumchagua amtakaye. Haki ya kila mtu chini ya katiba ya Marekani, ya kutoadhibiwa ila kwa sheria inayoeleweka, ilikuwa imekiukwa.

Safari hii muswada ulipofika mezani kwa Cuomo, haukuwa tena ombi la watetezi tu. Nyuma yake kulikuwa na hukumu. Mei 30, 2019 alitia saini, akaeleza kwamba aliukataa hapo awali kwa sababu za usalama, lakini baada ya uamuzi wa jaji Crotty hangeweza kuukataa tena. Kisu cha kuporomoka kikaondolewa kwenye orodha ya vitu ambavyo kuwa navyo tu ni kosa, na sheria ikaanza kutumika siku hiyohiyo. Wiki chache baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya wale walalamikaji wa 2011.

Ukitaka kuona kwamba kulikuwa na njia nyingine, tazama Washington. Mwaka 2009 idara ya forodha ya Marekani ilijaribu kuvihesabu visu vinavyosaidiwa na springi kufunguka kuwa sawa na visu vya kufyatuka. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Marekani lilirekebisha sheria yake ya 1958 na kusema wazi kwamba kisu ambacho kimetengenezwa kivute ubapa ubaki ndani, mpaka mkono wa mtu uushinde upinzani huo, hakihesabiki. Kigezo kilikuwa kwenye umbo la kisu, kitu ambacho mtengenezaji anakijua, muuzaji anakijua, na mnunuzi anaweza kukihisi kwa kidole. New York ilihitaji miaka kumi zaidi kufika mahali karibu na hapo.

Mambo mengi yamebaki. Kisu cha springi bado ni haramu New York, ingawa New Hampshire ilifuta marufuku yake mwaka 2010 na majimbo mengi yakafuata, na Agosti 2024 mahakama ya juu ya Massachusetts ikaamua kwamba marufuku ya visu vya springi jimboni humo inakiuka haki ya kubeba silaha iliyo katika katiba ya Marekani. Hiyo ni hoja tofauti na ya Crotty: yeye aliuliza kama sheria inaeleweka, wao wameuliza kama jimbo lina mamlaka ya kukataza hata kwa sheria inayoeleweka. Ndani ya Jiji la New York kanuni za jiji zinakataza kubeba hadharani kisu chenye ubapa wa inchi 4 au zaidi, na zinakataza kukiacha kisu kionekane wazi, isipokuwa kwa shughuli kama kazi. Kanuni za treni na mabasi ya jiji nazo zinakataza silaha ndani ya vyombo na vituo. Kwa hiyo klipu inayong'aa mfukoni bado inaweza kumletea mtu maswali, japo maswali hayo sasa yana majibu yanayoweza kupimwa kwa rula.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani, jikoni, maghalani na kwenye majengo, jambo moja linafaa kukumbukwa. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani humwuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa au kushtakiwa, na huuliza hivyo hata kama kesi ilifutwa. Aliyekamatwa kwa kisu cha kazi mwaka 2012, akakubali kosa la chini ili arudi kazini Jumatatu, ataliandika tukio hilo, na ni vyema apate nakala za karatasi za mahakama na amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuijaza, kwa sababu afisa atakayezisoma hatakuwa na kisu mezani.